Wasilisho la mwanangu nililiandika mimi

Muhula uliopita niliketi kwenye dawati la nyuma katika darasa la Gredi 8, magoti yakikaribia kunigusa kidevu, nikamtazama mwanangu akisimama mbele ya wenzake kueleza uadilifu. Alikuwa na slaidi 14. Zilikuwa nzuri, na nazisifu bila haya kwa sababu mimi ndiye niliyezitengeneza. Kazi yangu ni ya makaratasi, kupitisha mizigo ya watu bandarini, na haipiti wiki bila kuandaa slaidi za mkutano fulani. Usiku wa kuamkia siku ile mtoto alinijia na ukurasa mtupu. Mimi nimechoka, kesho kuna kazi. Nikamwambia, "Lete, nikufanyie mara moja ukalale." Asubuhi nikapitia saiba, nikachapisha nakala ya rangi ya kumpa mwalimu. Shilingi 280.

Akasoma slaidi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wazazi wenzangu waliokuja siku hiyo wakapiga makofi. Alipofika ya tano, palipoandikwa kwamba uadilifu ni msingi wa utawala bora na maendeleo endelevu, mwalimu akamsimamisha kwa upole. "Hebu tuelezee hapo kwa maneno yako. Uadilifu na maendeleo vinahusiana vipi?" Mtoto akaitazama slaidi. Kisha akageuza shingo akanitazama mimi kule nyuma. Na darasa zima likageuka likanitazama.

Sijapata kuona aibu ya namna ile, na mimi nimewahi kuteleza na kanzu mpya pale kivukoni Likoni siku ya Idi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema neno. Tulipokaribia mlangoni ndipo aliponiambia, "Baba, mie nilikuwa na langu la kusema. Hukuniuliza." Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Ukipita saiba yoyote Mombasa saa moja usiku katikati ya muhula, utawakuta mababa na mamama wamepanga foleni, kila mmoja na kijikaratasi kilichoandikwa kichwa cha kazi ya mtoto, na kijana wa saiba ndiye anayeifanya. Mtoto mwenyewe yuko nyumbani, amelala.

Wengi wetu tuliosoma chini ya 8-4-4, mfumo ulioanza 1985, hatukuwahi kuwasilisha kitu darasani. Mwalimu alisema, tuliandika, tukakariri, tukamwaga kwenye KCPE. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Mtaala wa umilisi, tuuitao CBC, ulianza kwenye madarasa ya chini 2019, na kundi lake la kwanza likaingia Gredi 7 Januari 2023. Huu unamtaka mtoto aonyeshe anachoweza kufanya, na miongoni mwa umilisi wake saba umo wa mawasiliano na ushirikiano, umo wa kufikiri kwa kina, na umo mmoja ambao wazazi hatuutilii maanani: kujifunza namna ya kujifunza. Juu ya hayo kuna maadili manane, na uadilifu ni mojawapo. Ndiyo sababu mtoto huja nyumbani leo na kazi ya kuwasilisha juu ya mawimbi, kesho juu ya uaminifu, wiki ijayo juu ya namna ya kudurusu. Katika alama za kumpeleka sekondari pevu, asilimia 60 zatoka kwenye mtihani wa Gredi 9, 20 kwenye ule wa Gredi 6, na 20 kwenye tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8. Si kila wasilisho linaingia katika hesabu hiyo, lakini mzazi akisikia neno "alama" mkono wake huenda wenyewe kwenye kompyuta. Wangu ulikwenda.

Sasa nieleze nilichokiona siku ile baada ya mwanangu kuketi, maana ndicho kilichonifundisha wasilisho ni kitu gani.

Aliyefuata alikuwa msichana mdogo wa umbo, hana slaidi hata moja. Alikuwa na mchoro alioufanya nyuma ya kalenda kuukuu, akautundika ubaoni kwa gundi ya karatasi. Juu yake aliandika swali: kwa nini maji hayajai saa ile ile kila siku? Mwanangu alikuwa na kichwa cha maneno, "Umuhimu wa Uadilifu", na chini ya kichwa kama hicho waweza kumwaga lolote. Yeye alikuwa na swali, na swali halikuachii mpaka ulijibu.

Likizo ya Aprili, alisema, alikuwa akishuka gatini karibu na kwao kutazama maji yanapofika juu kabisa, anaandika saa na kuhesabu ngazi zilizofunikwa. Alianza siku za maji mafu, maji yakijaa mnamo saa nne asubuhi. Baada ya wiki moja yalikuwa yakijaa mnamo saa kumi alasiri, na ngazi zilizozama zimeongezeka. Siku nyingine yalichelewa dakika 40, siku nyingine zaidi ya saa nzima, lakini ukijumlisha na kugawanya yanakuja kama dakika 50 kwa siku. Akatoa mfukoni chungwa na ndimu. Chungwa ni dunia, ndimu ni mwezi. Akalizungusha chungwa mara moja huku mwenzake akiisogeza ndimu taratibu. "Dunia ikimaliza kujizungusha, mwezi haukukaa ukingoja," akasema. "Umeshasogea. Ndiyo dunia yazidisha kama dakika 50 kuufikia." Nimekaa na bahari hii miaka zaidi ya 40 na sikuwahi kuelezwa jambo hilo kwa njia nyepesi kama ile.

Kisha akasema, "Siku ya tano sikupima. Kulikuwa na mvua kubwa na mama alinikataza kushuka. Hapo kwenye mchoro nimeacha wazi." Akaonyesha kwa kidole pale palipo wazi.

Mtu mwingine angepajaza. Ni nani angejua? Angechukua saa ya siku ya nne akaongeza dakika 50, mstari ukanyooka vizuri. Mimi nina hakika ningempajazia, tena kwa rangi. Mle darasani tulikuwa tumeletewa slaidi 14 juu ya uadilifu, na uadilifu wenyewe ulikuwa ni kile kinafasi kitupu nyuma ya kalenda.

Akaendelea kusema kwamba babu yake, aliyekuwa mvuvi, humwambia bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Alitazama kalenda akaona maji makubwa kabisa yalikuja siku moja baada ya mwezi mpevu. "Lakini nimeona bamvua moja tu," akasema, "kwa hivyo siwezi kusema ni hivyo kila mara. Babu ameona nyingi." Mtoto mmoja akauliza swali la kumtega: mwezi ni mmoja, mbona maji yajaa mara mbili kwa siku? Msichana akafikiri. "Hilo nimelisoma lakini sijalielewa sawasawa. Nikilielewa nitakwambia."

Kwa faida ya msomaji aliyebaki na swali hilo: nguvu ya mwezi huvuta zaidi kilicho karibu na huvuta kidogo kilicho mbali. Maji ya upande unaoelekea mwezi huvutwa kuliko dunia yenyewe, yakainuka. Maji ya upande wa pili huvutwa kidogo kuliko dunia, kwa hivyo ni kama dunia imevutwa ikayaacha nyuma, nayo pia yakainuka. Vilima viwili vya maji, na sisi tunavipitia vyote dunia ikijizungusha. Jua nalo huvuta. Likiwa mstari mmoja na mwezi tunapata bamvua, na vikivuta pande tofauti tunapata maji mafu. Mtoto wa miaka 13 kusema "sijalielewa" mbele ya darasa si upungufu wa wasilisho. Huko ndiko kujifunza kunakoanza, na asiyeweza kusema hivyo akiwa mdogo atakuja kuwa mtu mzima kwenye mkutano anayejibu kila swali.

Waliofuata walikuwa wavulana wawili, mada yao ni stadi za kujifunza, na hawa walituchekesha. Wiki moja nyuma walikuwa wamewapa wenzao orodha ya majina 20 ya samaki: changu, tafi, kolekole, nguru, pono, kibua na wengineo. Nusu ya darasa walisoma orodha mara nne. Nusu nyingine waliisoma mara moja, wakaigeuza karatasi, wakajaribu kuyaandika kutoka kichwani, mara tatu. Siku ile wakaulizwa wote kwa ghafla. Walioficha karatasi waliwashinda wenzao, ila si kwa umbali mkubwa, na aliyewashinda wote alitoka katika kundi la kusoma tu. Babake ni muuza samaki. Wavulana wakakiri wenyewe kwamba hilo hawakulifikiria: walipaswa kuchagua majina ambayo hakuna mtu mle darasani ayajuaye kutoka nyumbani. Mwalimu alifurahi hapo kuliko mahali pengine popote.

Walichojaribu wavulana wale kimejaribiwa na wataalamu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu makala ya kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu kukumbuka mara tatu bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma tu walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 83 ya yaliyomo, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma tu walibaki na 40, waliojipima walibaki na 61. Tazama hatari iliyomo humo. Mtoto aliyesoma na kurudia kusoma hujihisi amejua, na usiku ule amejua kweli. Wiki ijayo hana kitu. Aliyefunga kitabu na kuhangaika hujihisi mjinga, na ndiye anayebaki na elimu.

Sisi wa Pwani tuna neno letu la kazi hii, kudurusu, na waliopita chuoni kwa maalim wanakumbuka ilivyokuwa. Hukuruhusiwa kuendelea na aya mpya mpaka usimame usome ya jana kutoka moyoni, juzuu imefungwa, maalim anasikiliza. Wenye kuhifadhi hukaa wawili wawili wakisikilizana. Hakuna mzazi aliyewahi kwenda chuoni kumsomea mtoto wake sura ili mtoto apate sifa. Sijui kwa nini tulidhani shuleni ni tofauti.

Kuna utafiti mwingine unaogusa mawasilisho moja kwa moja. Logan Fiorella na Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, 2013, waliwagawa wanafunzi: wengine walijiandaa kwa mtihani, wengine walijiandaa kwa kuambiwa watafundisha, na wengine wakafundisha kweli kwa kueleza somo mbele ya kamera. Kujiandaa kufundisha kulisaidia kwa muda mfupi. Baada ya wiki, waliobaki mbele ni wale waliosimama wakaeleza. Kwa hiyo faida ya wasilisho inatokana na mtoto kuandaa na kueleza mwenyewe. Mzazi akifanya maandalizi, mtoto akabakiwa na kusoma kwa sauti, faida yote imekwenda kwa mzazi. Mimi hadi leo najua mengi juu ya utawala bora na maendeleo endelevu.

Kusoma kwa sauti nako kuna ubaya wake. Mayer huyo huyo ameonyesha katika kazi zake kwamba msikilizaji akiwekewa picha na maelezo ya mdomo, kisha maneno yale yale yakaandikwa tena pale kwenye picha, huelewa kidogo kuliko akiwekewa picha na sauti tu. Jicho linasoma kwa kasi yake, sikio linasikia kwa kasi ya msemaji, akili inahangaika kuvioanisha. Wafanyakazi wenzangu watanicheka, maana slaidi zangu za ofisini zimejaa maandishi mpaka pembeni. Kwa mtoto wa darasani, chungwa na ndimu vyatosha. Mchoro mmoja watosha. Karatasi ya manila si lazima, nyuma ya kalenda panaandikika.

Nasema hivi pia kwa ajili ya gharama, kwa sababu malalamiko ya wazazi hapa yana haki. Kuna shule ambazo zimemzoesha mtoto kwamba kazi iliyochapishwa kwa rangi hupewa alama kuliko ya mkono, na mama anayeuza mahamri hawezi kutoa shilingi 200 kila wiki kwa ajili ya picha za mimea. Mwalimu akisema waziwazi kwamba rangi haina alama, na kwamba alama ziko kwenye swali, ushahidi na kujibu maswali ya wenzako, foleni ya saiba itapungua yenyewe. Hili ni jambo la mwalimu mkuu kuliamua asubuhi moja. Halihitaji waraka wa wizara.

Na sasa hata saiba si lazima. Simu ina akili unde, unaiandikia "nitengenezee wasilisho juu ya mikoko" nayo inakutolea kurasa kabla maji ya chai hayajachemka. Siwezi kumkataza mtoto kuitumia, na mwenyewe naitumia. Ninachomfanyia sasa ni kuuliza, "Umejuaje?" Akiniambia mikoko huzuia mawimbi, umejuaje? Nani amesema? Yeye alijuaje? Waislamu hatuna haja ya kufundishwa jambo hili na watu wa mbali. Elimu ya hadithi imejengwa juu yake: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, na kila mmoja katika mlolongo huo huchunguzwa kama alikuwa mkweli, kama kumbukumbu yake ilikuwa nzuri, kama kweli alikutana na aliyedai kumsikia. Mlolongo ukikatika, habari inashuka daraja hata kama maneno yake ni matamu. Mtoto aliyeandika "chanzo: intaneti" ni kama mtu anayesema amesikia barazani. Baraza gani, nani alikuwepo?

Mikoko yenyewe ni mfano mzuri, kwa kuwa hapa petu chanzo kiko karibu. Gazi, Kwale, wanakijiji wana mradi uitwao Mikoko Pamoja ambao tangu 2013 umekuwa ukiuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti ile, na pesa zake zimeingia kwenye maji na shule za pale. Mtoto wa Kusini anaweza kufika huko, akauliza, akaweka miguu kwenye tope. Wa Mombasa ana mikoko ya Tudor ya kutazama imekatwa wapi na imeota wapi. Akirudi na tope kwenye viatu, ukimuuliza amejuaje atakuonyesha viatu.

Walimu nao wana mzigo ambao sisi wazazi hatuuhesabu. Darasa la watoto 60, kila mmoja akipewa dakika 5, ni dakika 300. Kipindi cha sekondari msingi ni dakika 40. Hivyo ni vipindi saba na nusu vya wasilisho moja, na silabasi inangoja. Mwalimu wa mwanangu hufanya hivi: huwagawa makundi ya sita sita, kila mtoto anawawasilishia watano wenzake kwa wakati mmoja na makundi mengine, kelele kama sokoni Kongowea, naye anazunguka akisikiliza na kuuliza. Wachache tu ndio husimama mbele ya darasa zima, na siku hiyo ndiyo wazazi hualikwa. Kuna faida aliyonieleza ambayo sikuitarajia. Mtoto mwoga, ambaye mbele ya 60 angetetemeka, mbele ya watano husema.

Uoga mwingine ni wa lugha. Kuanzia Gredi 4 masomo haya hufundishwa kwa Kiingereza. Msichana wa maji alianza kwa Kiingereza, akaenda vizuri, lakini alipofika kwenye bamvua alisema "bamvua", akaendelea na Kiswahili mpaka chungwa likarudi mfukoni. Mwalimu hakumkatiza. Neno la Kiingereza la bamvua linafanana na jina la majira ya maua huko Ulaya, na mwalimu aliniambia kila mwaka kuna watoto wanaodhani bamvua huja mara moja kwa mwaka. Mtoto wa Pwani mwenye neno "bamvua" hawezi kukosea hivyo. Mtihani ni wa Kiingereza, sawa, atajifunza na neno hilo. Lakini aeleze kwanza nyumbani kwa lugha anayoota nayo, kwa bibi yake anayekuna nazi. Bibi akielewa, Kiingereza kitapatikana. Bibi asipoelewa, hata mtoto hajaelewa.

Mwalimu alimpa mwanangu nafasi nyingine baada ya wiki mbili. Mimi nikaapa sitagusa kompyuta. Mada ya maadili ilibaki ile ile, ila alitakiwa alete jambo lake. Akaja na sentensi, "Muguka ni mbaya." Nikamuuliza hilo ni swali? Akakaa nalo siku mbili. Aliporudi lilikuwa limegeuka: je, ni haki mtu kuuza kitu kilicho halali kisheria kinachowadhuru watoto wa majirani zake?

Akatafuta habari. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka katika kaunti zao. Rais akasema amri hizo hazina nguvu, kwa kuwa ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Muguka na miraa ni mmea mmoja kisayansi, na ndani yake mna kitu kinachochangamsha mwili na kuondoa usingizi. Hayo aliyapata bila taabu. Kigumu kilikuwa kwamba alitaka kumsikia muuzaji. Yupo mmoja tunayemjua. Mimi hapa pia sitasema ni nani wala tunamjua vipi.

Nilimsindikiza lakini nilikaa mbali. Mwalimu alikuwa amewapa masharti: omba ruhusa kwanza, mwambie mtu maneno yake yanakwenda wapi, msomee ulichoandika kabla ya kuondoka, na usimtaje bila idhini yake. Muuzaji alikubali kusema, akakataa kutajwa. Mtoto akamuuliza kama huwauzia wanafunzi. "Mwenye sare simuuzii," akajibu. "Akivua sare nitamjua vipi?" Mtoto akaandika. Kisha muuzaji akamwambia, "Na hili liandike vile vile nilivyosema. Nikifunga hapa leo, kodi ya nyumba nani atalipa? Wewe?" Mtoto akaliandika vile vile.

Usiku ule alitaka kuliacha nje, kwa sababu, alisema, linamharibia hoja yake. Hapo tulizungumza hadi saa nne. Nilimweleza kwamba wasilisho la maadili ambalo upande mmoja tu ndio unaosema ni mashtaka bila utetezi, na kwamba kama hoja yake inaanguka kwa swali moja la mwenye kibanda, afadhali ianguke pale mezani kwetu. Akaliweka. Akaongeza na mkulima wa Mbeere, kule Embu, ambaye mtoto wake naye analipiwa karo kwa muguka, akaandika pembeni kwamba huyo hakuzungumza naye, amesoma tu gazetini.

Hakuwa na slaidi. Alisimama na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, akaeleza pande zote, akasema yeye anaona si haki, akatoa sababu zake mbili, na la kodi ya nyumba akasema hana jibu. Sauti ilimtetemeka mwanzoni kisha ikatulia. Mwalimu akafungua maswali. Kijana wa mbele akanyoosha mkono.

"Huyo muuzaji ni nani?"

"Nilimwahidi sitamtaja."

"Tuambie basi ni wa mtaa gani."

"Hata huo."

Darasa likacheka kidogo. Yeye akakunja karatasi yake akaketi, na mara hii hakugeuka kutazama nyuma.